«Lugha ya Mahali» ni Lugha ya Nani?

Wengi wetu twajua kwa kichwa kifungu cha kwanza cha Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, walau sehemu yake ile yenye kutupendeza: Kifaransa ni lugha ya Serikali, na lugha za taifa ni nne, yaani Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Sisi wa mashariki tukisikia Kiswahili kinatajwa twafurahi, na kwa sababu ya furaha hiyo hatusomi maneno yanayofuata. Yafaa kuyasoma. Kwa lugha zile nne Katiba yaiagiza Serikali izikuze pasipo ubaguzi. Kwa lugha nyingine zote za nchi, nazo ni zaidi ya 200, yasema kwamba ni sehemu ya urithi wa Wakongo, na Serikali itazilinda.

Kukuza na kulinda si ndugu wa tumbo moja. Mtu hukuza mtoto, hukuza mhogo shambani. Lakini hulinda nini? Hulinda ghala, hulinda kaburi, hulinda kitu ambacho hakitazamiwi kuongezeka. Hatusemi kwamba waandishi wa Katiba walikuwa na nia mbaya. Nchi yenye lugha nyingi kama yetu haina budi kuchagua. Twasema tu kwamba tofauti hii imeingia shuleni, na huko yawaumiza watoto walio wachache na wasio na msemaji. Twataka kuwatazama hasa watoto wa Wambuti katika msitu wa Ituri, kwa maana kwao jambo laonekana wazi kuliko kwa wengine.

Sheria kubwa ya elimu, namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, ilikuja na neno jema. Kifaransa chabaki lugha ya kufundishia, lakini lugha za taifa au lugha za mahali zitumike pia katika kufundisha na kujifunza, tena ziwe somo. Namna ya kuzitumia katika kila daraja, sheria yawaachia wakubwa waipange kwa kanuni. Msomaji atazame vizuri lile neno dogo «au». Kwa neno hilo, shule iliyochukua Kiswahili imekwisha kutimiza sheria, wala hapana mtu awezaye kuishitaki. Na ni nani atakayechukua lugha nyingine? Vitabu vya Kiswahili vipo. Miaka ya 2010, mashirika ya kigeni yalipotusaidia kuchapa vitabu vya kusomea kwa madarasa ya chini, yalichapa kwa Kiswahili, kwa Lingala na kwa Tshiluba. Basi mkaguzi wa shule akipita Mambasa aweza kuandika katika ripoti yake kwamba watoto wanaanza kusoma kwa lugha yao, na mbele ya sheria hatakuwa amesema uongo.

Lugha yao? Hapo ndipo tunapokataa.

Wambuti wa Ituri hawana lugha moja. Efe, walio zaidi upande wa kaskazini na mashariki ya msitu, wanasema lugha iliyo jirani kabisa na Kilese. Sua wanasema Kibila. Asua wana lugha yao iliyo binamu wa Kimangbetu. Kibila ni cha jamaa ya lugha za Kibantu, kwa hiyo mtoto wa Sua aweza kuokota neno hapa na pale katika Kiswahili, kama mtu anayesikia mazungumzo nyuma ya ukuta. Lakini Kiefe na Kiasua si vya jamaa hiyo hata kidogo. Umbali wao na Kiswahili ni umbali wa kweli: maneno ni mengine, mpango wa maneno ni mwingine, sauti zenyewe ni nyingine.

Watu wengi, hata wenye kusoma, hudhani kwamba Wambuti hawana lugha, ati wameazima tu maneno ya wenye mashamba. Neno hili limeanzia mbali. Padri Paul Schebesta, aliyezitembelea kambi za Ituri tangu miaka ya 1929 na 1930, alitafuta sana alama za lugha ya kale ya Wambuti kabla ya kuishi pamoja na wenye kulima. Wataalamu na waendelee kutafuta, ni kazi njema. Lakini swali lao ni la zamani, na mwalimu ana swali la leo: mama wa mtoto huyu, usiku, anamtuliza kwa maneno gani? Kama anamtuliza kwa Kiefe, basi mtoto ana lugha, hata kama babu wa babu yake alisema nyingine. Sisi wenyewe tunaosema Kiswahili katika Kongo, wangapi kati yetu walikipata kwa babu zao? Kingwana kilifika Ituri karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara ya watu wa Tippu Tip, na hapana mtu anayetuambia kwamba kwa sababu hiyo hatuna lugha.

Sasa tuingie darasani. Mtoto wa Efe anakuja darasa la kwanza akiwa na miaka sita au saba, pengine zaidi. Amekwisha kujua mambo mengi. Anajua nyuki wenye kuuma na nyuki wasiouma, kila namna na jina lake. Anajua mti upi watoa kamba na upi watoa dawa. Anajua kuhesabu mishale na kugawa nyama bila kumwonea mtu. Mwalimu anafungua kitabu na kumwonyesha picha: meza, dirisha, kabati. Katika kibanda cha majani hamna meza, wala dirisha, wala kabati. Hilo peke yake si kosa kubwa, maana shule yatakiwa kumwonyesha mtoto vitu vipya. Kosa ni kwamba kitu kipya, jina jipya na alama mpya za kuandika jina hilo vinamfikia siku moja, saa moja, navyo vyote vitatu ni vya kigeni.

Kusoma, kwa wanaoanza, ni nini? Ni kutambua kwamba alama hii iliyoandikwa ni sauti ile niliyokwisha kuijua. Mtoto anayesema «mama» nyumbani, akiona m na a, anashangaa na kufurahi, kwa sababu amelikuta neno lake limelala juu ya karatasi. Lakini mtoto wa Efe ana sauti kama kp na gb, na maneno yanayobadili maana kwa kupandisha au kushusha sauti tu. Hizo haoni alama yake popote. Wala ubao hauna hata neno moja alilokuja nalo. Yeye anaimba silabi pamoja na wenziwe, ba be bi bo bu, na anaimba vizuri. Mgeni akipita dirishani atasema darasa hili lajua kusoma. Mtoto hajasoma kitu, ameimba tu.

Tena kuna hesabu. Mwalimu asema: «Toa tatu katika kumi.» Katika Kiswahili «toa» ni neno lenye kazi nyingi: twatoa sadaka, twatoa kiti nje, twatoa jibu. Sisi tuliokua nalo hatusikii ugumu wowote. Mtoto wa kambi anatazama midomo ya mwalimu, kisha anatazama mikono ya jirani yake ili afanye kama yeye. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Ni kweli, lakini hata kuuliza kwahitaji maneno. Mtoto asiye na maneno ya kuuliza ananyamaza, na akinyamaza miezi mitatu, mwalimu anamwandika katika hesabu ya wajinga. Baadaye atatoroka wakati wa asali, na watu watasema: mwaona, Mbuti hapendi shule, anapenda msitu. Wakati wa asali una nguvu yake, hatukatai. Lakini twauliza kama mtu hukaa kwa moyo mahali ambapo kila siku anaonekana mjinga kuliko alivyo.

Wengine watajibu: huyo mtoto anajua Kiswahili, tumemsikia sokoni. Naam, wengi wanakijua kidogo, hasa tangu vita vya miaka 2002 na 2003 vilivyowatesa sana Wambuti wa Mambasa, na tangu fujo zilizofuata, ambazo zimesukuma kambi nyingi zikae kando ya barabara. Ni Kingwana cha kuuza asali na kuomba chumvi. Kitabu cha shule chasema Kiswahili kingine, chenye «huyu» na «hivi» na «vile», chenye ngeli zote mahali pake. Hata mtoto wa Bunia anajikwaa humo. Hivyo mtoto wa Efe amewekewa ngazi yenye vipandio vitatu: kutoka lugha ya mama hadi Kingwana cha njiani, kutoka Kingwana hadi Kiswahili cha kitabu, kutoka hapo hadi Kifaransa. Na mwisho wa darasa la sita unamngoja mtihani wa taifa, nao ni wa Kifaransa. Serikali yahesabu kipandio kimoja tu, kile cha kutoka Kiswahili hadi Kifaransa, na kwa hicho imepika vitabu na semina.

Ubishi huu si mgeni katika nchi yetu. Mwaka 1929 serikali ya Kibelgiji ilitoa mpango wa shule za misioni, kile kitabu kilichoitwa cha manjano, na lugha za wenyeji zilikuwa na nafasi katika madarasa ya chini. Miaka iliyofuata, Padri Gustaaf Hulstaert na Padri Edmond Boelaert, waliolianzisha jarida la Aequatoria mwaka 1937, walipigania Lomongo shuleni mahali pa Lingala. Hulstaert hakuchoka mpaka alipokufa mwaka 1990, na hoja yake kubwa twaikubali: mtoto hafundishwi vizuri kwa lugha ambayo hakuletewa na wazazi wake. Hata hivyo yafaa kusema kwamba Lomongo aliyoitaka ilikuwa lugha kubwa, moja, ya vitabu, ya watu wengi sana. Semi ndogo zilitakiwa kuingia chini ya kivuli chake. Halafu mageuzi ya mwaka 1962 yakaweka Kifaransa tangu darasa la kwanza. Mwaka 1974 wataalamu wa lugha walikutana Lubumbashi wakaomba lugha za taifa zirudi. Msomaji ataona kwamba kila mara wagombanao ni wakubwa: Kifaransa na lugha nne, au moja ya hizo nne na lugha nyingine yenye nguvu. Lugha ya kambi ya watu arobaini haikuwa na kiti katika mkutano wowote.

Ndugu zetu wa Tanzania nao wana jambo hilo hilo. Tangu mwaka 1967 shule zao za msingi za Serikali hufundisha kwa Kiswahili, na watu huwasifu kwa haki. Lakini mtoto wa Mhadzabe karibu na ziwa Eyasi, mwenye lugha isiyo na ndugu, hukutana na Kiswahili kama sisi tulivyokutana na Kifaransa. Twalitaja kwa sababu wapenda Kiswahili, nasi tumo, hupenda kukisema kuwa ni lugha ya Mwafrika dhidi ya lugha ya mkoloni, na kwa maneno hayo hawaoni kwamba katika darasa fulani Kiswahili ndicho kinachokaa kwenye kiti cha mkoloni.

Kuna mashitaka mengine dhidi yetu, nayo tusiyapite. Yasemwa: lugha 200, vitabu 200, fedha zitatoka wapi? Neno hili ni la maana. Hatuombi vitabu 200. Vitabu vinakuja mwisho. Mbele ya kitabu kuna mdomo. Mwanafunzi wa ukatekumeni aliyezeeka, asiyejua kusoma, amejifunza Ishara ya Msalaba na Sala ya Bwana kwa masikio, na katekista mwema alimweleza maana yake kwa lugha ya kwake kabla ya kumwonyesha herufi. Katika mwaka wa kwanza na wa pili wa shule, kueleza hesabu kwa Kiefe hakudai hata karatasi moja ya kupiga chapa. Kwadai mtu.

Yasemwa tena: mwisho wake mtawafungia msituni. Wapo hata baba wa Kimbuti wanaosema hivyo. Wanataka mtoto ajue Kifaransa ili wasidanganywe tena mbele ya hakimu na wakubwa. Nao wana haki. Lakini njia ya kumfikisha mtoto kwenye Kifaransa si kumnyang'anya mguu anaosimamia. Huko Ile-Ife, Nijeria, tangu mwaka 1970 Profesa Babatunde Fafunwa na wenziwe walifundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, na Kiingereza kikafundishwa kama somo. Watoto hawakushindwa Kiingereza na wenzao. Kiyoruba ni lugha ya mamilioni, twajua, na mfano huo hautuonyeshi namna ya kufanya kwa lugha ndogo. Watuonyesha tu kwamba hofu ile haina msingi.

Shitaka la tatu ndilo zito, na halisemwi sana. Katika vijiji vingi Mlese na Efe wameishi pamoja vizazi vingi, nyama na asali kwa ndizi na mhogo, na Mlese husema «Wambuti wangu» kama asemavyo «mbuzi wangu». Mkuu wa shule mwenye moyo mwema aweza kusema: basi, lugha ya mahali hapa iwe Kilese, watoto wote watasikia. Na kweli watasikia kuliko Kiswahili. Hata mtoto wa Mlese mwenyewe atapata nafuu, kwani naye Kiswahili si cha mama yake. Lakini tukiandika katika kanuni kwamba lugha ya Efe ni Kilese, tumeandika pia kwamba Efe ni wa Walese. Kesho mwalimu atamcheka mtoto kwa matamko yake, atamwambia, «Sema vizuri,» na kusema vizuri kutakuwa kusema kama bwana wake. Kwa hiyo jina la Kiefe na liandikwe waziwazi katika kanuni, na la Kisua, na la Kiasua, hata kama mwalimu wa kwanza atakayepatikana ni Mlese. «Lugha ya mahali» haitoshi, kwa sababu mahali pana mwenyewe, na siku zote mwenyewe ni yule mwenye shamba.

Tarehe 15 Julai 2022 ilitangazwa sheria namba 22/030, ya kulinda na kukuza haki za wenyeji wa asili Pygmées. (Jina hilo si zuri, lakini ndilo la sheria, afadhali kuliko «mbilikimo», ambalo tungependa lisisikike tena midomoni mwa Wakristu.) Wambuti na rafiki zao waliingojea miaka mingi. Tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini sheria hii na ile ya 2014 zimekaa kama wake wenza wasiosalimiana: moja yazungumza juu ya watu, nyingine juu ya lugha za shule, na kanuni ya kuziunganisha ndiyo yatakiwa. Ahadi ya shule si kitu bado mpaka isemwe ni kwa lugha gani, katika darasa lipi, na mwalimu ni nani.

Katika Likouala, ng'ambo ya mto Ubangi, mapadri wa Roho Mtakatifu na wenziwe walifungua shule za ORA, maana yake tazama, fikiri, tenda. Ni miaka ya kumtayarisha mtoto wa msitu kabla ya kuingia shule ya wote, na njia hiyo ilianzia kwa Wabaka wa Kameruni. Ni kazi ya kusifiwa. Twaona hata hivyo kwamba humo mtoto ndiye anayetayarishwa kwa shule. Shule yenyewe haitayarishwi kwa mtoto, naye akiisha kufika darasa la tatu anaikuta ni ile ile. Tena shule ya Wambuti peke yao, ikidumu, itawapendeza sana wale wasiotaka kuketi nao benchi moja.

Kanisa halihitaji kungoja wakubwa wote wakubaliane. Kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 shule nyingi sana za nchi zi mikononi mwa Kanisa. Tena sisi tuna mafundisho yetu. Baba Mtakatifu Benedikto wa XV, katika barua Maximum illud ya mwaka 1919, aliwaagiza wamisionari wajifunze lugha za watu barabara, wasitosheke na maneno machache. Na tusome Matendo ya Mitume, sura ya pili. Watu wale waliokusanyika Yerusalemu siku ya Pentekoste walikuwa Wayahudi na waongofu waliozoea safari. Bila shaka wengi wao walijua Kigiriki au Kiaramu, wangeweza kuhubiriwa kwa lugha moja au mbili za soko, na gharama ingekuwa ndogo. Roho Mtakatifu hakufanya hesabu hiyo. Kila mmoja alisikia lugha ya kuzaliwa kwake.

Tunaloomba ni dogo, na laweza kupimwa. Kila darasa la kwanza na la pili lenye watoto wa kambi, pamoja na mwalimu awekwe mtu mmoja wa kambi ile ile, mwanamume au mwanamke, ajuaye lugha ya watoto na Kingwana. Si lazima ajue kusoma. Kazi yake ni kueleza, kusikiliza maswali ya watoto, na kumwambia mwalimu mtoto ameuliza nini. Mwalimu naye apate wakati wa kujifunza, na aandike maneno anayoyapata. Ndani ya miaka mitatu maneno hayo yatakuwa kitabu kidogo. Mtu huyo alipwe kwa fedha kila mwezi, sawasawa na msaidizi yeyote wa shule, asilipwe kwa chumvi na nguo kuukuu. Twajua kwamba tangu shule ya msingi ilipofanywa bure mwezi wa Septemba 2019 walimu wengi walibaki wakingoja kuingizwa katika orodha ya mishahara, na kwamba kuomba mshahara wa Mbuti asiye na hati kutachekesha ofisini. Basi na tuanze na shule mbili tu, moja upande wa Nduye kwa Efe, moja upande wa kusini wa Mambasa kwa Sua. Madarasa manne, mishahara minne. Wakuu wa shule za Kikatoliki na watuambie kabla ya mwezi wa Septemba kama fedha hiyo itapatikana, maana majina ya darasa la kwanza yaandikwa wakati huo.